Akupancha au dawa za hospitali kwa figo zilizovimba: namna ya kuamua

Ukishaambiwa figo zako zimevimba, ushauri hauchelewi kukufikia. Daktari amekuandikia vidonge ambavyo karatasi yake ya madhara inatisha kuisoma. Ndugu naye amekuletea habari za mtu aliyechomwa sindano za Kichina, yaani akupancha, akapona bila kumeza hata kidonge kimoja. Miguu bado imejaa maji, mkojo bado una povu, na kila upande unaongea kwa uhakika. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya aliyekwama hapo. Nimejitahidi kuipa kila tiba haki yake, kwa sababu zote mbili zina cha kutoa, ingawa zinachotoa hakifanani.

Figo zimevimba kwa sababu gani?

Swali hili linatangulia mengine yote. Uvimbe wa figo ni ukoo mzima wa magonjwa, na tiba inayomponya mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Wapo waliopata bakteria waliopanda kutoka kibofuni. Hao huwa na homa, kutetemeka kwa baridi na maumivu ya ubavuni. Wapo ambao uvimbe uko kwenye nyama iliyo kati ya mirija ya figo, na mara nyingi kilichouanzisha ni dawa: antibayotiki fulani, vidonge vya kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli, au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Kwa hao, tiba ya kwanza ni kuacha kilichowadhuru.

Halafu kuna kundi kubwa la uvimbe wa machujio yenyewe, yaani glomerulonefritisi, ambao mara nyingi hutokana na kinga ya mwili kushambulia pasipotakiwa. Humo kuna nefropathi ya IgA (ugonjwa ambao kingamwili iitwayo IgA hunasa kwenye machujio), nefritisi (yaani uvimbe wa figo) ya lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo vya mwili wenyewe, uvimbe wa mishipa midogo ya damu, ule unaompata mtoto wiki 1 hadi 3 baada ya maambukizi ya koo, na mingine.

Haya hayatenganishwi kwa kushika mapigo ya mkononi wala kwa kuutazama mkojo kwa macho. Yanahitaji kipimo cha mkojo, kreatinini ya damu (taka ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja), vipimo vya kingamwili, ultrasaundi, na mara nyingi kinyama kidogo cha figo kinachotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Hata aliyekwisha kuamua kwenda kwenye akupancha moja kwa moja, namsihi apite hapa kwanza.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano: tiba inagusa nini hasa mwilini, ushahidi wake una uzito gani, inaendana vipi na kasi ya ugonjwa, inaweza kudhuru vipi, na inamtwisha mgonjwa mzigo gani wa fedha, muda na ufuatiliaji.

1. Inagusa nini mwilini

*Dawa za hospitali.* Zinafanya kazi kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuituliza kinga ya mwili: steroidi kama prednisoloni, na dawa nzito zaidi kama saiklofosfamidi, mikofenoleti au rituksimabu. Ya pili ni kuyalinda machujio yasichakae. Enalaprili, losatani na ndugu zao hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio, hivyo msukumo wa ndani unapungua na protini inayovujia mkojoni inapungua pia. Miaka ya karibuni zimeongezeka dawa kama dapaglifozini, ambayo ilianzia kwenye kisukari na sasa inatumika kulinda figo hata za wasio na kisukari. Ya tatu ni kuondoa kinachosumbua papo hapo, kama furosemaidi inayotoa maji yaliyojaa miguuni na antibayotiki zinazoua bakteria.

*Akupancha.* Sindano nyembamba za chuma, nyingi zenye unene wa milimita 0.20 hadi 0.30, huchomwa kwenye nukta maalumu za ngozi na misuli na kuachwa kwa dakika 20 au 30. Wakati mwingine huunganishwa na umeme mdogo. Kwa matatizo yanayohusishwa na figo, nukta zinazochaguliwa sana ni za kiunoni pembeni mwa uti wa mgongo, ya ndani ya kifundo cha mguu, na ya chini kidogo ya goti. Kinachojulikana vizuri ni kwamba sindano huamsha neva, na neva hizo huufanya ubongo na uti wa mgongo utoe kemikali za kutuliza maumivu. Mwaka 2021 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba kuchoma kwa umeme nukta ya mguuni kwa panya kulipunguza uvimbe mwilini kupitia neva inayofika kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ni ugunduzi mzuri, lakini ulifanywa kwa panya waliopewa sumu ya bakteria. Haukuhusu watu wenye nefritisi.

Lipo jambo jingine ambalo mgonjwa anastahili kulijua. Katika tiba ya jadi ya Kichina, figo ni dhana pana: inabeba nguvu za uzazi, mifupa, masikio, kiuno, hata hofu. Tabibu akikuambia figo zako ni dhaifu, huenda anazungumzia uchovu na maumivu ya mgongo ya mtu ambaye kreatinini yake ni safi kabisa. Vilevile anaweza kukuambia figo zimepata nguvu huku protini ikiendelea kumwagika mkojoni. Hakudanganyi. Anapima kitu kingine.

2. Ushahidi

*Dawa.* Hapa uzito ni mkubwa, na namba zenyewe zinaonyesha faida na gharama kwa pamoja. Chukua utafiti uliochapishwa mwaka 2022 wa wagonjwa 503 wenye nefropathi ya IgA na protini nyingi mkojoni. Nusu walipewa steroidi, nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 4. Waliopoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo, au figo zikafa kabisa, au wakafariki kwa ugonjwa wa figo, walikuwa 28.8% upande wa steroidi na 43.1% upande wa pili. Lakini madhara makubwa yaliwapata 10.9% ya waliotumia steroidi dhidi ya 2.8% ya wenzao. Daktari anayekuambia dawa hizi hazina shida anakosea, na anayekuambia hazifanyi kitu anakosea zaidi.

Kwa aina nyingine picha iko wazi zaidi. Watoto wenye ugonjwa wa kuvuja protini ambao machujio yao yanaonekana karibu ya kawaida kwenye hadubini, zaidi ya 8 kati ya 10 huitikia steroidi, wengi ndani ya wiki 4. Nefritisi kali ya lupasi, iliyokuwa ikiwaua vijana wengi kabla ya dawa hizi, leo inadhibitiwa kwa wengi.

*Akupancha.* Kwa maumivu sugu ina ushahidi wa kuheshimika. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha majaribio 39 yenye wagonjwa zaidi ya 20,000 ulikuta kwamba inapunguza maumivu ya mgongo, shingo, goti na kichwa kuliko kutotibiwa. Inashinda pia sindano za kuigiza, ingawa kwa tofauti ndogo zaidi. Kwa figo ushahidi ni mwembamba. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 24 kuhusu watu wenye ugonjwa sugu wa figo, wengi wao wakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Dalili za nafuu zilionekana kwa uchovu, usingizi, huzuni na kuwashwa kwa ngozi, hasa kwa kukandamiza nukta hizo kwa vidole, na waandishi wenyewe waliuita ushahidi huo dhaifu sana. Kuhusu kuuzima uvimbe wa machujio, hakuna jaribio kubwa lililopangwa vizuri lililoonyesha kwamba akupancha peke yake inazuia figo kufa.

Basi wale waliopona kwa sindano wanatoka wapi? Wengi wanasema kweli. Nefritisi ya mtoto baada ya maambukizi ya koo kwa kawaida huisha yenyewe. Nefropathi ya utando, aina inayowapata zaidi watu wazima, hupoa bila dawa ya kinga kwa karibu theluthi ya wagonjwa. Nefropathi ya IgA hutoa damu kwenye mkojo wakati wa mafua kisha ikatulia. Aliyeanza sindano katika wiki ambayo ugonjwa ulikuwa unaondoka wenyewe atazishukuru sindano maisha yake yote. Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa vidonge, ndiyo maana tafiti zenye kundi la kulinganisha zina thamani kuliko ushuhuda wa mtu mmoja, uwe wa upande wowote.

3. Kasi ya ugonjwa

Kila figo ina vitengo vya kuchuja karibu milioni 1, na kwa pamoja figo mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku. Kitengo kikifa, hakioti kingine. Kwa hiyo muda unaopita bila tiba sahihi unaweza kuwa hasara isiyorudi.

Baadhi ya nefritisi huharibu figo kwa siku au wiki chache. Dawa za mshipani zinaweza kuanza kazi ndani ya muda huo. Akupancha hutolewa mara moja au mbili kwa wiki, na matabibu wenyewe hutaka wiki kadhaa kabla ya kuhukumu. Kwenye ugonjwa unaokwenda taratibu, mwendo huo hauna neno. Kwenye ule wa kasi, kusubiri matokeo ya sindano ni kucheza na maisha.

4. Madhara

*Dawa.* Steroidi huongeza hamu ya kula, uzito, sukari na presha. Huvuruga usingizi na hisia, hudhoofisha mifupa, huleta mtoto wa jicho na hufungua mlango kwa maambukizi. Kuziacha ghafla baada ya wiki kadhaa ni hatari kwa sababu mwili umeacha kutengeneza ya kwake, na jambo hili huwakuta hasa wanaoamua kimyakimya kuhamia tiba nyingine. Saiklofosfamidi inaweza kuathiri uzazi na kibofu. Mikofenoleti humdhuru mtoto tumboni, na enalaprili na losatani vilevile.

Enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kundi zima linaweza kupandisha potasiamu. Kuna hofu moja ninayotaka kuiondoa hapa. Ukianza dawa hizi, kreatinini inaweza kupanda kidogo katika wiki za mwanzo. Kupanda kusikozidi 30% kwa kawaida kunakubalika, maana ni ishara kwamba msukumo ndani ya chujio umeshuka. Wengi huona namba hiyo wakaamini dawa inawaua, wakaacha kitu ambacho kingewalinda kwa miaka.

*Akupancha.* Mikononi mwa aliyefunzwa, akitumia sindano mpya za kutupa, madhara mengi ni madogo: michubuko, tone la damu, kizunguzungu. Lakini mgonjwa wa figo si mteja wa kawaida. Ngozi iliyojaa maji ikitobolewa huvuja na kuambukizwa kwa urahisi, kwa hiyo miguu iliyovimba isichomwe. Anayetumia dawa za kulainisha damu, au ambaye chembe zake za kugandisha damu zimeshuka kama inavyotokea kwenye lupasi, anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Aliyetengenezewa mshipa mkononi kwa ajili ya mashine asiruhusu mkono huo uguswe. Sindano ndefu za kiunoni zikizama mno zinaweza kulifikia figo lenyewe, hasa kwa mtu mwembamba. Mwenye kifaa cha kusukuma moyo aepuke sindano za umeme.

Hatari kubwa kuliko hizo mara nyingi haimo kwenye sindano, imo kwenye kifurushi cha mitishamba unachokabidhiwa ukitoka. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walieleza jinsi wanawake waliotumia mchanganyiko wa kupunguza unene wenye mimea ya Kichina katika kliniki moja ya Brussels walivyoharibika figo kwa kasi. Hatimaye idadi yao ilipita 100, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Mmea mmoja ulikuwa umechukuliwa badala ya mwingine, na ndani yake mlikuwa na asidi ya aristolokiki. Mzizi wa likorisi, unaowekwa katika michanganyiko mingi, nao hupandisha presha. Mtu mwenye figo zilizovimba anaweza kukubali sindano na kukataa mitishamba, na hakuna tabibu mwema atakayeudhika.

5. Mzigo wa fedha, muda na ufuatiliaji

Prednisoloni, enalaprili na losatani ni dawa za zamani zinazotengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo bei zake huwa za chini. Rituksimabu na wenzake ni ghali mno. Kinachochosha zaidi ni vipimo: mkojo, damu, presha, tena na tena. Hata hivyo vipimo hivyo ndivyo vinavyokuambia mapema kama tiba imeshindwa. Akupancha haina kidonge cha kila siku, lakini kila kikao kinalipiwa na kinataka safari. Kwa asili yake haina kipimo cha figo, na mgonjwa hubaki na namna anavyojisikia. Nefritisi nyingi hazina maumivu kabisa, kwa hiyo kujisikia vizuri hakutoshi kukuambia figo ziko salama.

Kuzitumia pamoja

Wengi wanaonufaika na akupancha wako hapa. Mtu ameshika dawa za kutuliza kinga, protini inashuka, lakini hapati usingizi, mgongo unamuuma, kichefuchefu hakimwachi. Dawa za maumivu zilizozoeleka kama diklofenaki amekatazwa kwa sababu zinabana damu inayoingia kwenye figo. Mtu huyu anahitaji njia ya kupunguza maumivu isiyopitia figo, na akupancha ni mojawapo. Kwangu mimi hii ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na inasikitisha kwamba mara chache husikika, kwa sababu wanaoitangaza wanashughulika kuahidi uponyaji.

Ukiamua hivyo, daktari na tabibu wajuane kuhusu kila kitu unachotumia. Chagua dalili moja unayotaka ipungue, ipe alama kati ya 0 na 10 kila wiki, na baada ya vikao 6 hivi uamue kwa alama hizo. Mkojo na kreatinini viendelee kupimwa kwa tarehe zilezile.

Kulingana na hali yako

*Mkojo umekuwa na rangi ya kola, au umepungua ghafla, au unakohoa damu, unapumua kwa shida, au kreatinini inapanda kila kipimo.* Hospitali, leo hii.

*Una homa na maumivu ya ubavu, na kipimo kimeonyesha bakteria.* Antibayotiki, na uzimalize. Bakteria wakiingia kwenye damu wanaua.

*Mtoto amevimba uso baada ya maambukizi ya koo.* Kwa kawaida anahitaji kupunguziwa chumvi, dawa ya kutoa maji, kudhibitiwa presha na kuangaliwa. Mara nyingi hahitaji steroidi, na sindano nazo hazitamwongezea kitu.

*Una nefropathi ya IgA nyepesi, protini chini ya nusu gramu kwa siku, presha nzuri.* Huenda daktari mwenyewe amekuambia msubiri na kupima, pengine na kidonge cha kulinda chujio. Hapa una nafasi kubwa ya kuchagua. Akupancha kwa ajili ya uchovu au wasiwasi haitaharibu kitu, mradi miadi ya vipimo haikosi.

*Una nefritisi ya lupasi au ya mishipa midogo.* Dawa za kinga ndizo zinazobeba uhai wa figo. Akupancha inaweza kusindikiza, baada ya kuangalia wingi wa chembe za kugandisha damu.

*Uko kwenye mashine, ngozi inawasha, usingizi hauji.* Jaribu kukandamizwa nukta kwa vidole kabla ya sindano. Ndiyo njia iliyochunguzwa zaidi kwa watu wa hali yako, na haitoboi ngozi.

*Una mimba au unaitafuta.* Zungumza na daktari wa figo kabla ya mimba kuingia ikiwezekana, kwa sababu dawa kadhaa lazima zibadilishwe na zipo zinazoruhusiwa, kama azathioprini na haidroksiklorokwini. Mwambie pia tabibu wa sindano, maana kuna nukta ambazo wao wenyewe huziepuka kwa mjamzito.

*Unaziogopa steroidi kiasi kwamba umeamua kutozimeza.* Usiishie kuondoka kimya. Mwambie daktari unachokiogopa hasa: uzito, uzazi, sukari, hali ya akili. Mara nyingi kuna dozi ndogo zaidi, muda mfupi zaidi au dawa tofauti kabisa. Ukibaki na msimamo wako ukaenda kwenye sindano, omba upimwe mkojo na kreatinini kabla ya kikao cha kwanza na tena baada ya wiki 2. Kubaliana na daktari tangu sasa ni namba gani ikifikiwa utarudi kwenye dawa, na umwachie mtu wa nyumbani nakala ya namba hiyo.